Figo la Tatu la Dorca Aloo

Dorca Aloo ana mafigo matatu. Mawili alizaliwa nayo kule Asembo Bay, na bado yako mgongoni, yamekauka kama maharagwe yaliyosahaulika kwenye paa la mabati. Hayafanyi kazi, na hakuna aliyejisumbua kuyatoa. La tatu liko mbele, chini ya tumbo upande wa kulia, pale ambapo wanawake wa sokoni hufunga kibeti chao. Hilo ndilo linalofanya kazi ya yote. Lilikuwa la kaka yake, Obonyo, mpaka miaka minne iliyopita, siku ambayo ndugu hao walilazwa vyumba viwili jirani, wakapasuliwa, na mmoja akaamka amepungua, mwingine akaamka anakojoa.

Tusilionee haya neno hilo. Kabla ya siku ile Dorca alikuwa amekaa mwaka mzima na miezi kumi bila kutoa hata kijiko. Damu yake ilikuwa ikisafishwa na mashine mara mbili kwa wiki, na katikati ya wiki alikuwa akivimba kama mandazi. Mtu aliyewahi kuishi hivyo hasemi “kujisaidia” wala “haja ndogo”. Anasema kukojoa, tena kwa sauti ya mtu anayetaja baraka.

Kwa wakwe zake, huko Katito, zawadi ile ilileta kikao. Ouma, mumewe, ni fundi wa mawe na hana maneno mengi, lakini wajomba na baba wadogo wanayo ya kutosha. Waliketi tangu asubuhi mpaka chai ikaisha. Hoja ilikuwa hii: mke huzikwa kwa mumewe, hilo halina ubishi, lakini ndani ya huyu mke kuna kipande cha mwanamume wa Asembo, tena mwanamume aliye hai, anayekula ugali wake kila siku. Utamzikaje shemeji nusu katika boma lako, naye nusu nyingine anakutazama? Obonyo alipoulizwa, alijibu kwamba yeye hana neno na kuzikwa kwa awamu. Ila ng'ombe wa mahari, akasema, walikuwa wa mwanamke mwenye mafigo mawili, na sasa wana mwanamke mwenye matatu, kwa hiyo walete nyongeza. Kikao kilifungwa kwa sala.

Kazi ya Dorca ni kukaanga mgongo wazi. Asiyejua mambo ya ziwa letu aelezwe: mbuta, yule samaki mkubwa, akivuliwa hupelekwa kiwandani, kule anavuliwa minofu yote, na minofu hiyo hupanda ndege kwenda kwa watu wenye uma na visu. Kinachobaki ni kichwa, mkia na mifupa katikati, mgongo uko wazi kabisa, na hicho ndicho wanachouziwa akina mama walioko hatua mia mbili kutoka ziwani. Wanakikaanga kwa mafuta mengi, na kinalisha nusu ya mji. Kukiandaa ni vita. Miiba ya mapezi inachoma, chumvi inaingia kwenye vidonda, mafuta yanaruka, na jioni karai linasuguliwa kwa majivu na waya. Miaka ishirini ya hayo imevifanya vidole vya Dorca kuwa laini kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Kliniki ilimshauri avae glavu. Alizivaa wiki moja. Samaki wakawa wanamtoroka.

Sasa tuje kwenye ile Jumanne.

Aliamka akitetemeka, na pale upande wa kulia, juu ya figo, palikuwa panauma ukipagusa. Ana kipimajoto chake mwenyewe. Kilisoma nyuzi thelathini na tisa. Na anayo kadi ya njano aliyopewa kliniki ya figo, ambayo ameisoma mara nyingi kuliko Zaburi: ukipata homa ya nyuzi thelathini na nane au zaidi, nenda hospitali mara moja, usisubiri. Sababu yake alielezwa vizuri. Vidonge anavyomeza kila siku saa mbili asubuhi na saa mbili usiku kazi yake ni kuwalaza askari wa mwili, wasimshambulie mgeni aliyeletwa kutoka kwa Obonyo. Lakini askari aliyelala, amelala. Mwizi naye akija, hawaamki. Kwa hiyo homa ambayo wewe na mimi tungeilaza kwa dawa ya dukani na uji wa ndimu, kwake inaweza kula figo kwa siku moja.

Alimpigia Obonyo simu, akafunga leso yake ya bluu, akavaa barakoa, akapanda pikipiki hadi hospitali moja kubwa ya Kisumu. Jina lake naliacha, maana haya yangeweza kutokea katika jengo lolote lenye mlango wa ambulensi na mlinzi mwenye filimbi. Alifika saa mbili na nusu asubuhi. Ikumbuke hiyo saa.

Idara ya dharura ilikuwa na dirisha, na nyuma ya dirisha kijana mpole anayeitwa Sydney, na mbele ya Sydney mashine ndogo yenye taa. Dorca alieleza kila kitu: figo la kupandikizwa, homa, maumivu, kadi ya njano. Sydney alisikiliza kwa adabu kabisa, kisha akamwambia aweke dole gumba.

Taa ikawa nyekundu. Akapangusa dole kwa leso, akaweka tena. Nyekundu. Sydney akamtolea mafuta ya kupaka, akapaka. Wakajaribu la kushoto, wakajaribu vidole vyote kumi kimoja kimoja, huku foleni nyuma ikihesabu kama watoto wa chekechea.

“Mama,” Sydney akasema hatimaye, na alionekana kuona haya, “mashine inasema hakuna mtu.”

Hapo pana jambo ambalo lingemchekesha Dorca kama asingekuwa anatetemeka. Aliandikishwa kwenye bima miezi mitatu baada ya upasuaji, alipokuwa amekatazwa kazi, mikono imepumzika mpaka mistari ya vidole ikarudi. Kwa hiyo bima inamjua vizuri sana mwanamke mmoja aliyekaa nyumbani bila kufanya lolote. Huyu anayefanya kazi haimjui. Ukitaka kutambuliwa na nchi yako, usiishike kazi yake.

Sydney alieleza utaratibu. Bila dole, bima haifunguki. Bima isipofunguka, faili halizaliwi. Bila faili hakuna maabara, hakuna dawa, hakuna kitanda. Kulipa mfukoni? Hapana, kwa sababu mfumo unamwonyesha kuwa ana bima, na mwenye bima hawezi kulipa mfukoni mpaka bima imkatae, na bima haijamkataa, imesema tu hakuna mtu.

“Kuna fomu ya watu wasio na vidole,” akaongeza, “lakini wewe vidole unavyo.”

“Nivikate?”

“Mama, usiseme hivyo.”

Njia iliyobaki ilikuwa barua ya chifu wa nyumbani kuthibitisha kwamba Dorca ni Dorca. Nyumbani kwa mtu aliyeolewa ni kwa mumewe, huko Katito, Nyakach. Chifu wa huko alipopigiwa alikuwa matangani, akaahidi barua ifikapo Alhamisi. Dorca akaambiwa akae kwenye benchi asubiri. Akamwonyesha Sydney kadi, pale palipoandikwa usisubiri. Sydney akasema hiyo kadi ni ya kliniki, na hapa si kliniki, hapa ni dharura.

Mtu mwingine angeandika hapo kwamba Sydney alikuwa na roho mbaya. Hakuwa nayo, na hilo ndilo linalokera. Mtu mbaya unaweza kumkemea, unaweza hata kumpeleka kwa mkubwa wake. Utamfanya nini mtu mwema aliyefungwa kwenye kiti pamoja na mashine?

Saa nne na kitu alipita daktari mwanafunzi, Fabian, miezi miwili kazini, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa akipita kwenye mabenchi akitazama nani anaweza kufa kabla ya chakula cha mchana. Alimpima Dorca joto, akasema malaria. Dorca akamwambia kuhusu figo. Fabian akamdunga kidole kutoa tone la damu, na dole lile lile lisilokuwa na mtu likatoa damu vizuri kabisa. Kipimo kilisema hakuna malaria. Fabian akakitazama kwa mashaka, akasema hapa Kisumu malaria hujificha, akaandika malaria.

Kisha akamgeuza, akaanza kumgonga mgongoni kwa ngumi ndogo, juu ya kiuno, jinsi alivyofundishwa kutafuta figo linalouma.

“Hapa panauma?”

“Hapana, daktari. Huko nyuma wapangaji walishahama. Yule anayeishi yuko mbele.”

Benchi likacheka. Fabian hakucheka, alikuwa mtu anayejifunza, na mtu anayejifunza mbele ya watu huwa mkali. Alileta sindano ya maumivu, ile ambayo katika mji huu hudungwa mtu akijikwaa, akiumwa jino, akifiwa. Dorca akalisoma jina lake kwenye chupa, akavuta leso yake chini. Sindano hiyo iko upande wa pili wa kadi ya njano, katika orodha ya vitu vinavyoua figo, ni ya kwanza kabisa, imepigiwa mstari. Alikataa kwa heshima. Fabian akaandika kwenye karatasi yake: mgonjwa anakataa matibabu.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa karatasi pekee kuhusu Dorca katika jengo lile zima. Faili hakuwa nalo, mtu hakuwa, lakini sifa ya ukaidi alikuwa nayo.

Obonyo alifika karibu saa saba, ananuka omena, wale dagaa wa ziwani, maana alikuwa ameacha magunia yake yakiwa juani kule Asembo Bay na kuendesha pikipiki bila kusimama. Alimkuta dada yake amelala kwenye benchi, leso kichwani, meno yanagongana. Alimuuliza kama amekojoa. Dorca akasema tangu asubuhi, hapana. Obonyo akainuka. Akaenda dirishani, akasikiliza hadithi ya dole mpaka mwisho, akakuna kidevu.

“Bwana Sydney, niandikie mgonjwa mwingine.”

“Nani?”

“Mimi.” Akaweka dole. Taa ikawa kijani, mashine ikalia kwa furaha kama kwamba ilikuwa imemngoja.

“Unaumwa nini, mzee?”

“Figo langu.”

“La kulia au la kushoto?”

“La kushoto. Liko pale kwenye benchi, limevaa leso ya bluu.”

Watu walicheka mpaka mlinzi akachungulia. Lakini Obonyo hakuwa anatania, na alieleza hoja yake kama mtu aliye mbele ya hakimu. Figo ni lake. Alizaliwa nalo, mama yao ni shahidi. Leo linaumwa. Kwamba kwa sasa linaishi kwa dada yake ni suala la makazi. Ng'ombe wako akiugua akiwa kwa jirani, daktari wa mifugo humtibu ng'ombe au hutibu boma?

Sydney alitazama mashine, akatazama foleni ya watu thelathini, akafanya ambacho mfanyakazi yeyote hufanya chakula cha mchana kikikaribia. Akafungua faili. Obonyo, mwanamume, miaka arobaini na mmoja, maumivu ya figo. Fabian akapitishiwa karatasi, akaambiwa ni ya yule mama wa benchini, akaagiza damu ipimwe. Obonyo akarudi kwenye benchi akitembea kama mtu aliyefunga bao.

Na hapo ujanja ukageuka, ukamuuma mwenyewe. Dakika chache baadaye mtu wa maabara alitokea mlangoni akaita, Obonyo! Na Obonyo akaenda.

Ni rahisi kumwita mjinga. Ngoja kwanza. Siku aliyotoa figo, aliambiwa kwamba mtoaji huitwa kila mwaka kupimwa, aonekane kama hilo moja lililobaki linamtosha. Alipewa hata karatasi. Mwaka wa kwanza hakuitwa. Wa pili akapiga simu, akaambiwa atapigiwa. Wa tatu na wa nne, kimya. Shujaa alikuwa ameshapigwa picha na picha imeshabandikwa. Kwa hiyo jina lake liliposikika kwenye korido ya hospitali, tena likifuatana na neno figo, Obonyo alidhani hatimaye wamemkumbuka. Alikunja mkono wa shati kwa moyo mkunjufu. Alishika pamba pale alipochomwa, akarudi, akaketi miguuni pa dada yake aliyekuwa amefunikwa gubigubi, na hakumwambia, kwa sababu alimwona kama amelala na jambo lenyewe lilikuwa dogo.

Saa tisa Fabian alikuja anatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alikuwa na majibu. Akasema figo linafanya kazi vizuri kabisa, hata yeye amefurahi. Ile takataka ya damu ambayo figo hufagia, wanayoiita kreatinini, ilikuwa tisini na sita. Mama aende nyumbani, anywe maji mengi, ameze dawa za malaria.

Dorca alijiinua kwenye kiwiko. Unaweza kumnyima mtu kama huyu faili, dole na jina, lakini namba yake huwezi kumnyima. Anapimwa kila mwezi. Anaijua namba hiyo kuliko ya simu yake.

“Hiyo si yangu,” akasema. “Yangu ni mia moja ishirini na nane. Nikiwa mzima, nimelala vizuri, nimekunywa maji, mia moja ishirini na nane. Tisini na sita sijawahi kuiona.”

Fabian akasema basi amepata nafuu.

“Daktari, mwanangu. Nisomee hapo juu, jina.”

Akasoma. Obonyo.

“Nisomee na hiyo inayofuata.”

Fabian akafuata mstari kwa kidole. “Mwanamume.”

“Mimi ni mwanamume?”

Hakuna aliyecheka safari hii. Dorca alimgeukia kaka yake, naye Obonyo akautazama mkono wake, pale penye kijipamba, kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza.

“Omera, kaka yangu, ulitolewa damu?”

“Waliniita.”

“Wewe ukaenda.”

“Nilidhani ni zamu yangu,” Obonyo akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Dorca hakumgombeza. Alimwambia Fabian, taratibu, kwamba haondoki. Kwamba wakitaka wamwite askari wambebe, lakini watambeba kwenda kwenye kitanda ama kwenda mochari, nyumbani hendi. Kwamba figo hili limetoka kwa mtu mwenye watoto wanne, mtu ambaye sasa anaishi kwa moja, na haliwezi kufa juu ya benchi likisubiri barua ya chifu aliye matangani. Alipomaliza alitapika kwenye leso.

Ni kelele za watu wa benchini, ambao sasa hasira yao ilizidi ugonjwa, zilizomtoa Sista Nabalayo. Huyu ndiye mkuu wa wauguzi wa dharura, mama wa Port Victoria mwenye mwili na mwendo wa polepole. Tangu asubuhi alikuwa ghorofa ya tatu kwenye semina ya kumweka mgonjwa mbele, yenye sambusa, na bado alikuwa na kitambulisho cha semina shingoni. Kabla ya dharura alifanya kazi miaka tisa kwenye mashine za kusafisha damu. Hakuuliza maswali mengi. Alisoma kadi ya njano, akaweka kiganja upande wa kulia wa tumbo la Dorca, mbele, mahali penyewe, na Dorca akaruka.

“Sydney, mfungulie huyu mama faili.”

“Sista, mfumo unakataa.”

“Kalamu yako nayo inakataa?”

Sydney akatazama kalamu yake. Haikukataa. Jina likaandikwa kwa mkono kwenye jalada la karatasi, Dorca Aloo, mwanamke, miaka thelathini na minane, figo la kupandikizwa, na mbingu hazikuanguka. Damu ikachukuliwa, ya mwenyewe safari hii. Mrija ukapitishwa, mkojo kidogo sana ukapatikana, mzito, una rangi ya chai iliyolala. Dripu ikatundikwa, dawa kali ya vijidudu ikaingia mshipani, daktari wa figo akapigiwa simu. Yote hayo yalichukua dakika ishirini.

Ishirini. Kutoka saa mbili na nusu mpaka saa tisa na nusu ni saa saba, na kazi iliyokuwa inangojewa kwa saa saba ilikuwa ya dakika ishirini. Mbona hatukasiriki zaidi? Tunasimuliana haya kwenye matanga kama visa vya sungura, tunacheka, tunaongeza chai.

Majibu ya kweli yalipotoka, namba ya Dorca ilikuwa mia tatu na kumi. Fabian ndiye aliyeyaleta, akamkabidhi Nabalayo, akasimama pembeni. Baadaye alikuja kitandani peke yake akamwomba Dorca amwonyeshe pale figo lilipo, ajue siku nyingine. Dorca akamwonyesha. Akamwekea mkono wake, akamwambia abonyeze polepole, si unga huo.

Siku mbili za kwanza hazikuwa na lingine la kutazama ila mfuko wa mkojo. Obonyo aliketi kwenye kiti cha plastiki, macho kwenye mfuko, kama mtu anayetazama penalti. Kila muuguzi aliyekuja kuumwaga aliulizwa kiasi gani. Siku ya tatu ukaanza kujaa, na rangi ikaanza kuwa ya mkojo. Obonyo alitaka kuupiga picha awatumie watu wa Katito. Dorca akamkataza.

Namba ilishuka. Mia tatu na kumi, mia mbili arobaini, mia moja tisini. Siku ya tisa ikafika mia moja sabini na moja, ikasimama hapo. Daktari wa figo, mama mwenye nywele fupi asiyependa kupamba maneno, alivuta kiti akamweleza kwamba haitashuka tena. Sehemu iliyoungua imeungua. Dorca akamuuliza kama angetibiwa asubuhi ile ile alipofika ingekuwaje. Daktari akasema huenda ingerudi pale pale ilipokuwa.

“Kwa hiyo wamekula miaka yangu.”

“Baadhi.”

“Mingapi?”

Daktari, kwa heshima yake, hakumtungia namba. Alisema kinachobaki kitunzwe. Akauliza amevipata wapi vile vijidudu vilivyopanda kutoka kwenye mkojo hadi kwenye figo. Anakunywa maji kiasi gani? Anakojoa mara ngapi kwa siku, akiwa kazini?

Jibu lilikuwa la aibu, na aibu haikuwa ya Dorca. Akiwa sokoni, alisema, hanywi. Lita tatu alizoagizwa huzianza akifika nyumbani jioni. Pale sokoni kuna choo, kizuri, cha vigae, milango minne ya wanawake na minne ya wanaume, maji ya bomba. Kilimalizika kujengwa mwaka jana, mwezi wa nane. Kina kufuli. Kinangoja mkubwa fulani aje akifungue rasmi, na mkubwa hajapata nafasi. Utepe ulishafungwa mlangoni, jua likaufifisha, wakafunga mwingine. Kile cha zamani kilibomolewa kupisha hiki. Kwa hiyo wanawake wa mgongo wazi, zaidi ya arobaini, hubana tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka jioni, na asiyeweza kubana huenda nyuma ya mabanda, kwenye majani, palipo na wanaume wa kuchekelea.

Daktari aliandika, akakata alichoandika, akaandika tena. Akamwambia kwamba ugonjwa huu ukirudi mara nyingine, figo haliwezi kuhimili.

Dorca alipumzika nyumbani wiki tatu. Jumatatu ya wiki ya nne alishuka sokoni na chupa ya maji ya lita moja na nusu, akaimaliza yote amesimama, mbele ya wenzake, wakimtazama kama mwendawazimu. Akafunga barakoa vizuri. Akachukua lile panga zito la kupasulia vichwa vya mbuta, akaenda mpaka kwenye choo cha vigae. Msimamizi wa soko alimfuata akimsihi: mama, nyar Asembo, binti wa Asembo, ngoja kidogo, kuna barua imeandikwa, kuna tarehe inatafutwa. Dorca akamwambia amesikia neno ngoja mara ya kutosha kwa maisha haya. Mapigo ya kwanza mawili yaliteleza. La tatu lilikata pete ya kufuli, na utepe ukaanguka nao.

Aliingia akafunga mlango. Nje wanawake wote walikuwa wameacha makarai yao wakasimama kimya, wamejipanga bila kuambiwa, kama watu wanaongoja hotuba. Mgeni rasmi wao, aliye chooni, alikawia. Mwishowe mmoja wao akasogeza mdomo kwenye mlango.

“Nyar Asembo. Mkojo unatoka?”

“Unatoka.”